Bei ikipita kiasi, Kiingereza kinamlaumu nani?

#1 Karani wa Section 58 (Nakuru)

Wanajukwaa, hamjambo. Wapangaji wa mtaa wetu wamenipa kazi ya kuwaandikia barua za Kiingereza, na karibu kila barua ina shabaha moja: tumetozwa pesa nyingi kuliko inavyostahili. Katika barua ya kulalamikia ada ya maji niliandika kwamba ada hiyo ni “high”, mwenyekiti akasema nimekuwa mpole mno. Nikabadilisha nikaandika “exorbitant”, akaridhika. Kisha kijana mmoja anayesomea sheria akanishauri niweke “extortionate”, na hapo mwenyekiti akasita, akasema mwenye nyumba ataona tumemwita mnyang'anyi.

Ninavyoona mimi, maneno haya hayajapangwa kwenye ngazi moja kutoka hafifu hadi kali, kama tulivyofundishwa shuleni. Kila neno lina upande linakopeleka lawama. “High” na “steep” yanaitaja bei, basi. “Overpriced” linailaumu bidhaa, kwamba haifikii thamani inayodaiwa. “Prohibitive” linamtazama mnunuzi, kwamba bei imemfungia mlango hata kama muuzaji hana kosa lolote. “Extortionate” linamshika muuzaji waziwazi. Wajuzi mnisahihishe, na hasa mniambie “exorbitant” linaangukia upande gani.

#2 Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)

Karani, “exorbitant” limetoka kwenye Kilatini: *ex* ni nje, na *orbita* ni mfuo unaoachwa na gurudumu la gari barabarani. Liliingia Kiingereza kwanza kwa mlango wa sheria, likimaanisha jambo lililotoka nje ya mipaka ya sheria, kabla ya kuhamia kwenye madai na bei. Kwa hiyo halimtaji muuzaji. Linasema bei imeacha njia yake. Kiswahili tunalo tamko linalokaribiana nalo sana, yaani “bei ya kupindukia”.

“Extortionate” ni jambo jingine kabisa. Mzizi wake ni *torquere*, kusokota, na picha iliyomo ni ya mtu anayesokotwa mkono mpaka atoe alichonacho. Nomino yake ni jina la kosa la jinai hadi leo. Mwenyekiti wenu alikuwa na haki ya kusita.

La mwisho, na hili naliandika kwa uchungu wa mwalimu: “exorbitant” halina herufi h popote. Kila muhula nasahihisha insha zenye “exhorbitant”, na nimeliona hata kwenye mabango ya watu wazima.

#3 Nyar Dunga (Kisumu)

Mimi nauza samaki, sikusomea lugha, lakini anachosema Karani nakiishi kila asubuhi. Mteja akija humfunulia ngege mashavu aone wekundu wa ndani, humbonyezea ubavu aone nyama inavyorudi, ndipo nikamtajia bei. Yuko atakayesema “bei iko juu, mama”. Huyo namsikiliza, na mara nyingi tunaelewana. Yuko atakayesema “samaki huyu si wa bei hiyo”. Huyo amemtusi samaki wangu, nami namfunulia mashavu mara ya pili. Na yuko atakayesema “nyinyi mnatunyonga”; huyo nafunika karai. Bei ni ile ile kwa wote watatu, na samaki ni yule yule.

Kwa hiyo sioni kwamba Waingereza wamefanya jambo la ajabu. Wao wana neno moja moja, sisi tuna sentensi.

#4 Wakili wa Milimani (Nakuru)

Karani, kama barua hiyo inaweza kufika mahakamani, usitegemee neno lolote kati ya hayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikujengwa juu ya “exorbitant” wala “extortionate”. Inazungumzia mwenendo inaouita “unconscionable”, yaani usiokubalika mbele ya dhamiri, na mojawapo ya dalili zake ni bei inayopita kwa kiasi kikubwa ile ambayo bidhaa au huduma ya namna hiyo hupatikana kwayo kwa urahisi. Tazameni kipimo chenyewe: si mfuko wa mnunuzi, si nia ya muuzaji, ni bei ya jirani. Leteni ankara za mitaa mingine na mziambatishe, hizo zitafanya kazi kuliko kivumishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinamlinda mtumiaji katika ubora, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, lakini hakimwahidi bei nafuu.

#5 Utingo wa Zamani (Nakuru)

Nyar Dunga amenikumbusha Desemba. Kila Krismasi abiria wa kwenda Kisumu, Busia na Kakamega hutuita wanyang'anyi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nami nataka watu waielewe hesabu kabla ya kuchagua neno. Gari linaondoka Nakuru limejaa, linafika Kakamega, na linarudi tupu, kwa sababu hakuna anayeondoka kwa wazazi wake tarehe 24. Dizeli inayochomwa kurudi ni sawa na iliyochomwa kwenda, na mwenye gari anangoja hesabu yake jioni. Kwa hiyo abiria anayekwenda analipia pia kile kiti kitupu kinachorudi. Bei hiyo ni ya juu, ndiyo. Kuiita “extortionate” ni kumwonea mtu aliye kazini.

#6 Binti Webuye (Bungoma)

Kaka Utingo, hesabu yako naikubali hadi mahali fulani. Kiti kitupu kikirudi, nauli ya haki itakuwa maradufu, kwa kuwa safari ni mbili. Sasa inapokuwa mara tatu, hiyo ya tatu inalipia nini?

Na kuna jambo jingine ambalo halihusu kiasi. Mwaka mmoja nilikuwa nimekwisha keti, mtoto mapajani, magunia yamefungwa juu ya gari, na dereva amekwisha washa injini, ndipo utingo akapita kati ya viti akisema nauli imebadilika. Nyongeza yenyewe haikuwa kubwa. Lakini ningeshuka vipi, na mizigo imefungwa chini ya mizigo ya wengine? Hapo ndipo neno la Mwalimu la kusokotwa mkono linapofaa, hata kwa shilingi hamsini. Naona Karani ameacha jambo moja katika orodha yake: “extortionate” halipimi wingi wa pesa, linapima kama mtu alikuwa na njia ya kukataa.

#7 Utingo wa Zamani

Kubadilisha nauli watu wakiwa wameketi ni dhuluma, sitetei hilo. Kuhusu ile mara ya tatu, dada yangu hajawahi kukwama kati ya Salgaa na Mau Summit siku mbili kabla ya Krismasi. Gari lililozoea safari mbili kwa siku hufanya moja, pengine likafika alfajiri. Ile safari ya pili ambayo haikufanyika ndiyo inayojazia.

#8 Mwalimu wa Lurambi

Mjadala huu wa nauli una neno lake kwa Wamarekani, nalo ni “price gouging”, ambalo hutumika hasa pale muuzaji anapopandisha bei wakati watu wamebanwa na dharura, kama vile baada ya kimbunga. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria zinazolikataza. “Gouge” lenyewe ni patasi yenye ncha ya mviringo, ile ya kuchimbua shimo kwenye ubao. Kwa hoja ya Binti Webuye, nadhani hili linafaa zaidi kuliko “extortionate”, kwa sababu halihitaji kitisho, linahitaji shida tu.

#9 Binti Webuye

Krismasi si dharura, Mwalimu. Huja kila mwaka tarehe ile ile.

#10 Kijana wa Kondele (Kisumu)

Naona wazee wamebaki kwenye vivumishi, wakati utamu wote uko kwenye misemo. Waingereza husema kitu kimewagharimu “an arm and a leg”, mkono na mguu, kwa sababu wachoraji wa picha zamani walitoza zaidi wakichora viungo, na ndiyo maana watu mashuhuri walichorwa mkono ukiwa umefichwa ndani ya koti. Husema wamelipa “through the nose”, kupitia puani, kwa sababu watu wa Denmark walipoitawala Ireland walimpasua pua kila aliyeshindwa kulipa kodi. Na “daylight robbery”, wizi wa mchana, inatoka kwenye kodi ya madirisha ya Uingereza, ambapo serikali iliwaibia watu mwanga wa mchana wenyewe. Sasa hapo lugha inaonyesha watu walivyoumia, kuliko Kilatini cha magurudumu.

#11 Msomaji wa Maktaba (Bungoma)

Kijana, umeleta hadithi tatu, na zote zina mwanya mmoja: tarehe hazilingani.

Kodi ya madirisha ilikuwako kweli. Ilianzishwa mwaka 1696 na ikafutwa mwaka 1851, na hadi leo kuna nyumba za kale Uingereza ambazo madirisha yake yalizibwa kwa matofali ili wenyewe wakwepe kuilipa. Lakini msemo wa wizi wa mchana, kwa maana ya bei ya kupindukia, unaonekana katika maandishi muda mrefu baada ya kodi hiyo kuisha. Maana yake ya wazi inatosha: ni wizi usiojificha. Wamarekani husema “highway robbery”, wizi wa barabarani, na hapo madirisha hayamo.

Msemo wa mkono na mguu ni wa Marekani ya karne ya 20, na hakuna hati inayoonyesha wachoraji wakitoza kwa kuhesabu viungo. Ule wa puani unaanza kuonekana karne ya 17, ilhali hao watu wa Denmark wanaotajwa ni wa karne ya 9.

Ukitaka msemo unaoshikamana na historia, chukua “a king's ransom”, fidia ya mfalme. Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alikamatwa mwaka 1192 akirudi kutoka kwenye vita vya msalaba, na fidia iliyodaiwa ilikuwa marki 150,000 za fedha. Nchi nzima ilikamuliwa kodi ili kuichanga, makanisa yakatoa vyombo vyao vya thamani, na akaachiliwa mwaka 1194.

#12 Kijana wa Kondele

Mzee Msomaji, nashukuru, lakini sikubali kwamba neno huzaliwa siku linapoandikwa. Dala, yaani nyumbani kwetu, kuna misemo ambayo bibi alirithi kwa bibi yake, na haimo katika kitabu chochote. Kwa nini msemo wa puani usiwe umekaa midomoni mwa watu kabla ya karani kuuandika?

#13 Msomaji wa Maktaba

Ungeweza kukaa miaka hamsini, hata mia. Unaniomba nikubali ulikaa miaka mia nane, katika lugha ambayo maandishi yake ya zama hizo tunayo, bila mtu hata mmoja kuuandika. Hiyo imani ni kubwa kwangu.

#14 Mzee wa Mamboleo (Kisumu)

Hamjataja “white elephant”, na sisi wa Kisumu ndio tungepaswa kuanza nalo. Kiwanda cha molasi kilianza kujengwa hapa miaka ya 1970, mitambo ikaletwa, pesa za umma zikaingia, kisha kikasimama kwa miaka mingi bila kutoa hata tone. Vijana wa umri wangu walikua wakikiona pale kimekaa. Msemo wenyewe, kama nilivyousoma, unatoka Thailand, zamani ikiitwa Siam, ambako mfalme aliyetaka kumfilisi mtu wa barazani alimpa zawadi ya tembo mweupe. Mnyama huyo ni mtakatifu, haruhusiwi kufanya kazi, wala huwezi kumkataa au kumuuza, na kumlisha kunakumaliza.

Nataja haya kwa sababu yanaivunja orodha ya Karani. Tembo mweupe hakuuzwa kwa bei yoyote. Alikuwa zawadi. Gharama yake yote iko katika kumtunza, na hapo hakuna muuzaji wa kulaumiwa.

#15 Msomaji wa Maktaba

Utakatifu wa tembo weupe huko Siam hauna shaka, hata bendera yao ilibeba picha ya tembo mweupe kabla ya ile ya sasa kupitishwa mwaka 1917. Lakini kwamba wafalme waliwatoa ili kuwafilisi watu, hilo limeenea zaidi katika maandishi ya wageni kuliko katika kumbukumbu za huko. Tembo kama huyo alikuwa fahari ya mfalme, na ni vigumu kuona kwa nini angempa mtu anayemchukia.

Na kwa heshima, mzee wangu, kiwanda cha molasi kilikuja kufufuliwa miaka ya 2000 na kikaanza kutoa spiriti. Tembo aliyeanza kufanya kazi hastahili tena jina hilo.

#16 Mzee wa Mamboleo

Kilifufuliwa, ndiyo. Je, zile pesa za umma za mwanzo zilirudi?

#17 Nyar Dunga

Wazee, mkiandika “tembo mweupe” kwa Kiswahili muwe waangalifu. Msomaji wa Pwani atadhani mnazungumzia pombe ya mnazi, na atauliza chupa inauzwaje.

#18 Mwanafunzi wa Isimu (Nakuru)

Nimeusoma uzi wote na ninaona hakuna aliyegusa swali kubwa, yaani kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi kwa jambo hili moja. Jibu la darasani ni kwamba lugha hiyo ina matabaka. Waingereza walikuwa na “dear”, yaani ghali, neno lao la asili. Baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, na “cost” na “price” yakaingia kwa njia hiyo. Baadaye wasomi wakachota Kilatini moja kwa moja. “Expensive” lenyewe linatokana na *expendere*, kupima kwa mizani, kwa kuwa malipo ya kale yalikuwa ya kupima madini, na lilipoanza kutumika katika karne ya 17 liliweza kumwelezea mtu mfujaji badala ya kitu. Kwa hiyo wingi wa maneno ni wingi wa matabaka, wala si wingi wa lawama kama anavyodhani Karani.

#19 Karani wa Section 58

Hilo linaeleza maneno yalikotoka. Halielezi kwa nini yalibaki. Kama “dear”, “costly”, “expensive” na “exorbitant” yangekuwa na kazi moja, mawili au matatu yangekwisha kufa. Yamebaki kwa sababu kila moja limejipatia pembe yake, nami bado nasema pembe hizo ni za lawama.

#20 Mwenye Duka (Nakuru)

Nyote mnazungumza kama wanunuzi. Sisi wauzaji tuna maneno yetu ya Kiingereza kwa kitu kile kile, na hayamo katika orodha ya mtu yeyote hapa. Kinyozi akiweka kioo kipana na kiti cha kuzunguka anaandika “executive” mlangoni, na bei inapanda siku hiyo hiyo. Mchele ule ule ukifungwa kwenye karatasi inayong'aa unaitwa “premium”. Mimi mwenyewe nauza mchele wa namna mbili, na wako wateja wanaochukua wa bei ya juu bila kuuliza tofauti, kwa kuwa jina limekwisha waambia kwamba wao ni watu wa namna gani. Sisemi wanadanganywa, maana mara nyingine mchele wenyewe ni bora kweli, hauna mawe na haukatiki. Nasema kwamba ughali si tusi kila mara. Kuna mahali ndio bidhaa yenyewe.

#21 Mwalimu wa Lurambi

Mwenye Duka ametufungua macho. “Premium” ni *praemium* ya Kilatini, maana yake zawadi au ngawira, na ndani yake mna maneno ya kutwaa kabla ya wengine. Mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 juu ya watu wanaotumia pesa ili waonekane wakizitumia, na hadi leo wachumi huziita kwa jina lake bidhaa ambazo hutafutwa zaidi kadiri bei inavyopanda. Hapa katika orodha ya Karani panahitajika upande mwingine, wa mnunuzi anayeitaka bei yenyewe.

#22 Mstaafu wa Kitale

Mnasifu Kiingereza kana kwamba Kiswahili ni maskini. Neno “ulanguzi” mmeliweka wapi? Kulangua ni kununua kwa wingi, kuficha, kungoja kitu kiadimike, kisha kukitoa kwa bei ya kuumiza watu. Ni neno moja lenye muuzaji, nia yake, njia yake na mwathiriwa wake, na sijui neno moja la Kiingereza linalobeba yote hayo. Mwaka 1983 nchini Tanzania, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, hata sisi wa huku Kitale tuliokuwa tukifuata habari kwa redio. Hapa Kenya tumeliachia wauza dawa za kulevya peke yao. Ukisema “mlanguzi” leo Kitale, mtu anafikiria bangi, wala hafikirii gunia la mahindi lililofungiwa ghalani hadi Juni.

#23 Mkulima wa Njoro

Mzee wa Kitale, mahindi yanayofungiwa hadi Juni mara nyingi ni yangu. Ninayavuna mwishoni mwa mwaka wakati kila mtu anavuna, madalali wanakuja na bei ya kutupa, nami nina karo ya Januari. Mwaka ninaoweza kungoja, nangoja. Nikingoja mimi mwenye magunia machache naitwa mlanguzi, akingoja mwenye ghala kubwa anaitwa mwekezaji. Neno hilo moja linaloeleza yote, kama unavyosema, linanieleza vibaya.

#24 Mstaafu wa Kitale

Anayehifadhi jasho lake si mlanguzi, ndugu yangu. Mlanguzi hununua jasho la mwingine. Tofauti hiyo imo ndani ya neno tayari, ila watu wamelilegeza.

#25 Mwanafunzi wa Isimu

Swali dogo kwa walimu. Tulifundishwa kwamba kwa Kiingereza sanifu bei haiwi “expensive”. Kitu ndicho huwa “expensive”, bei huwa “high”. Je, “bei ghali” ni kosa la namna hiyo hiyo katika Kiswahili?

#26 Mwalimu wa Lurambi

Darasani mimi huwasahihisha: gari ni ghali, bei yake ni ya juu. Hiyo ndiyo inayonyooka, kwa sababu huwezi kuinunua bei.

#27 Mstaafu wa Kitale

Nami nimesikia “bei ghali” kwa Waswahili wa asili wa Mombasa na Tanga, watu wasiosubiri kusahihishwa na sisi wa bara. Masharti ya Kiingereza tusiyahamishie kwenye lugha isiyoyaomba. Sokoni mtu atakwambia “vitu havishikiki”, na hapo hakuna bei wala ghali, na kila mmoja ameelewa.

#28 Mama Rhonda (Nakuru)

Mimi limenigusa neno “dear” alilolitaja Mwanafunzi, kwa sababu ni ghali na ni mpenzi kwa pamoja. Nilidhani ni ajabu ya Waingereza peke yao, hadi nilipokumbuka kwamba kwa Kikuyu *goro* ni ya bei kubwa, na pia ni ya thamani. Vito katika Biblia yetu ni *mahiga ma goro*. Na “ghali” yenyewe tuliyoipata kwa Waarabu, kwao humaanisha kitu cha bei na mtu mpendwa vilevile. Sisi tuliichukua nusu ya bei, tukaiacha nusu ya mapenzi.

#29 Nyar Dunga

Kwa Dholuo pia, mama. Tukisema *nengone tek*, bei yake ni ngumu, yaweza kuwa lalamiko mbele ya karai langu, na yaweza kuwa sifa. Vito vya Biblia kwetu ni *kite ma nengogi tek*, mawe ambayo bei zake ni ngumu. Ukitaka kulalamika bila kukisifu kitu, unasema *nengone ni malo*, bei yake iko juu. Ndiyo maana nilisema tangu chapisho la tatu kwamba huyo anayesema bei iko juu namsikiliza: hajamgusa samaki wala mimi.

#30 Msomaji wa Maktaba

Tukiwa huko huko, hata “rahisi” tuliibeba kutoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana ya bei ya chini, nasi tukaiongezea maana ya jambo lisilo gumu. Na “cheap” ya Kiingereza mwanzoni ilikuwa soko au biashara, kama inavyobaki katika jina la barabara ya Cheapside jijini London, iliyokuwa soko. Walisema “good cheap” kwa biashara njema, kisha wakaliacha “good”, na sasa “cheap” ni karibu tusi.

#31 Kijana wa Kondele

Kwa hiyo, Mzee Msomaji, neno linaweza kuigeuza maana yake kabisa kwa miaka mia kadhaa, lakini msemo wa puani hauwezi kujificha. Sawa, nitazidi kutafuta.

#32 Binti Webuye

Wasimamizi, naomba uzi huu usifungwe. Tumepata Kikuyu, Dholuo, Kiarabu na Kilatini, na hakuna Mkalenjin wala Mgusii aliyesema neno. Kama kuna mtu wa Kericho au Kisii anayesoma, atueleze: kwenu, mtu akikataa bei, anailaumu bei, kitu, au mwenye kitu?